Valvu za Redio za Babu na Mizani ya Haki



Juma hili tunaomba kuzungumza nanyi juu ya bidhaa ambayo baadhi yenu mnayo nyumbani bila kuijali. Ni zile redio, gramafoni na amplifaya za zamani zilizokaa stoo miaka mingi, ambazo ndani yake mna vichupa vya kioo viitwavyo valvu. Vichupa hivyo vina soko duniani hadi leo, nalo soko hilo lina mtego kwa muuzaji na kwa mnunuzi pia. Maoni yetu ni haya: anayejua thamani ya kitu ana deni la ukweli kwa asiyejua, na kupima kabla ya kukabidhiana fedha ni sehemu ya kulilipa deni hilo.

Tuanze na kitu chenyewe. Valvu ya kwanza ilibuniwa na Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akaongeza kiungo cha tatu ndani yake, na hicho ndicho kilichofungua njia ya kuikuza sauti ndogo ikawa kubwa. Tarehe 12 Februari 1931, Papa Pio wa XI alipozindua Radio Vatican iliyojengwa na Guglielmo Marconi, sauti yake ilisafirishwa kwa valvu. Na Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, redio zilizoyapokea zilikuwa za valvu. Transista, iliyobuniwa Marekani mwezi Desemba 1947, ndiyo iliyokuja kuziondoa taratibu.

Hata hivyo hazikufa. Wapiga magitaa na wapenzi wa muziki huko Ulaya, Marekani na Japani husema kwamba sauti ya valvu ni laini na yenye uhai kuliko ya transista. Viwanda vinavyozitengeneza leo ni vichache, hasa huko Slovakia, Urusi na China. Kwa sababu hiyo valvu za zamani za Mullard zilizotengenezwa Blackburn, Uingereza, au za Telefunken za Ujerumani, hutafutwa sana. Zilizo na soko zaidi ni zile za kukuza sauti, kama ECC83, EL84 na EL34. Valvu za redio nyingi zilizotumia betri hazina bei kubwa. Tunalisema hili mapema ili mtu yeyote asiote utajiri usiokuwapo, na asidanganywe na wale wanaovumisha kuwa ndani ya redio za zamani mna zebaki nyekundu. Uvumi wa namna hiyo uliwafanya watu huko Saudi Arabia, mwaka 2009, kulipa fedha nyingi mno kwa cherehani chakavu za Singer. Ndani ya valvu mna vyuma vyembamba na utupu, basi.

Sasa tuje kwenye kununua. Kwaya au kigango kinachotaka kufufua amplifaya ya zamani kitaambiwa na muuzaji: valvu hizi ni mpya, hazijatumika, tazameni zinavyowaka. Ndugu zangu, hapo ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Kuwaka kunaonyesha tu kwamba waya wa kupasha moto haujakatika. Valvu inaweza kuwaka vizuri kabisa huku nguvu yake ya kutoa mkondo imekwisha. Wapo Wakristo wa namna hiyo pia, nasi sote tujichunguze.

Fundi mwaminifu hufanyaje? Kwanza huitazama. Sehemu kubwa ya valvu hizi zina doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, kwa kawaida juu ya kichupa. Doa hilo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa. Pili, huiweka katika mashine ya kupimia, huiacha ipate moto kwa dakika chache, kisha husoma kama viungo vya ndani vimegusana, kama mkondo unavuja, na kama nguvu iliyobaki inakaribia ile ya valvu mpya. Tatu, valvu za kusukuma spika zinazofanya kazi wawiliwawili huzilinganisha, kwani zikitofautiana sana moja hubeba mzigo wa mwenzake. Nne, huisikiliza ikiwa kazini na kuigonga kidogo kwa penseli. Ikitoa mlio katika spika, haifai kwa hatua ya kwanza ya kukuza sauti. Na bati la ndani likianza kuwa jekundu, huzima mara moja.

Jina lililochapwa juu ya kioo lisiwatoshe. Wino hufutika, na wapo wanaofuta jina dogo wakachapa jina kubwa. Telefunken waliweka alama ya almasi katika kioo chenyewe chini ya valvu zao nyingi, katikati ya miguu, na alama ya namna hiyo ni vigumu kuigiza kuliko maandishi. Sisi tuliobatizwa tunafundishwa kwamba tumetiwa alama isiyofutika. Tungetamani biashara zetu zionekane zina alama hiyo ndani, si wino wa juu tu.

Lakini jambo linalotusumbua zaidi ni upande wa pili. Mnunuzi anafika kijijini, anamkuta bibi mwenye gramafoni ya marehemu mumewe. Anaitazama, anaona ndani valvu za Mullard, anakunja uso na kusema kuwa ni takataka, atamsaidia tu kuiondoa kwa shilingi elfu chache. Akifika mjini anajisifu. Kitabu cha Mithali kilimjua mtu huyu tangu kale, mnunuzi anayekidharau kitu mbele ya mwenyewe kisha akaenda zake akijigamba. Wengi watasema: si ameuza kwa hiari yake? Hiyo si ndiyo biashara?

Kanisa halijibu hivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliliweka swali hili waziwazi. Alifundisha kwamba muuzaji akitoa dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi akajua, mnunuzi huyo amenunua kwa dhuluma naye anapaswa kurudisha. Hakumbana muuzaji peke yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inahesabu miongoni mwa makosa dhidi ya Amri ya Saba kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine. Kwa maoni yetu, kuishusha bei kwa kutumia ujinga wa bibi ni dhambi ya ukoo uleule.

Wapo watakaotujibu kwamba elimu nayo ni mtaji: aliyejifunza valvu kwa miaka mingi, akatumia nauli na kununua mashine ya kupimia, anastahili faida. Ni kweli, na hatumnyimi. Mfanyakazi anastahili ujira wake. Alipe nauli yake, alipe muda wake, ajiwekee faida ya haki. Ila ujira wa maarifa ni kitu kimoja, na kumficha mwenye mali asijue alicho nacho ni kitu kingine kabisa.

Watu wa Kimali na Simiyu yote hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa mifano ya mbali. Sisi ni watu wa pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Jimbo la Ziwa waliokuwa wakipunjwa kwenye vituo vya kununulia pamba waliweka wapimaji wao wenyewe ili kuhakiki mizani. Kutokana na vuguvugu hilo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, lilizaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955. Wazee wetu hawakuomba huruma kwenye mizani. Waliomba kipimo cha kweli. Itakuwa aibu wajukuu wao wakiwafanyia wajane kile ambacho babu zao walikikataa.

Basi tunashauri haya. Mwenye redio au amplifaya ya zamani asiuze siku ileile anapoulizwa. Amwite mtu wa tatu, fundi asiye na maslahi katika mauzo hayo. Asiruhusu vijana kuifungua kwa udadisi, kwani amplifaya za valvu hufanya kazi kwa volti 250 hadi zaidi ya 400, na kapasita zake huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani. Viongozi wa kwaya na vigango, kabla ya kugusa michango ya waamini, waombe vipimo kwa maandishi pamoja na muda wa kurudisha kitu kikionekana kibovu. Katika michango hiyo imo senti ya mjane, ambayo Bwana wetu aliitazama kwa makini kuliko fedha za matajiri. Naye mnunuzi Mkristo aseme mbele ya mwenye mali: mama, hiki kina thamani, nami nitakupa kiasi hiki kwa sababu hii.

Akisema hivyo atapata faida pungufu kidogo. Lakini akirudi kijijini mwakani, mlango utafunguliwa, naye Jumapili atakwenda mezani pa Bwana bila deni la mtu.

Mungu awabariki nyote katika kazi za mikono yenu. Tumsifu Yesu Kristo.