Kuchovya si Kujaza

Ukitafuta kalamu ya wino ya Parker 51 kuukuu mtandaoni, maelezo ya wauzaji yanafanana kama mapacha. Wengi wao si matapeli. Wameikuta kalamu kwenye droo ya marehemu babu, nao wanarudia waliyosikia. Lakini anayelipa ni wewe. Tuyapime madai yao moja baada ya jingine.

"Imejaribiwa, inaandika vizuri."
Hili ndilo lililoniponza. Muuzaji mmoja wa Uingereza aliweka picha ya karatasi yenye mstari wa bluu iliyokoza, nikalipa. Kalamu ilipofika Dar, nikafungua kifuniko kidogo cha mkiani, nikaizamisha nibu kwenye wino na kubonyeza kitufe mara kumi. Hakikuingia kitu. Kumbe jamaa aliichovya tu. Nyuma ya nibu ya 51 kuna kikusanyio chenye mapezi membamba yanayoshika wino, kwa hiyo ukiichovya itaandika mistari kadhaa hata kama tumbo lake limekufa. Kuirudisha Uingereza kungekula hela nyingi, nikabaki nayo.

"51 zote ni zilezile."
Sivyo. Zilipoingia sokoni mwaka 1941 zilitumia mfumo wa Vacumatic: kitufe cha mkiani husukuma kiwambo cha mpira, nacho huvuta wino. Mpira huzeeka, hukakamaa, kisha hupasuka. Mwaka 1948 ukaja mfumo wa Aerometric: kifuko cha plastiki ndani ya ala ya chuma, unachokikamua kwa vidole. Vifuko hivyo vingi vinavuta wino hadi leo. Kuzitofautisha ni rahisi. Tazama mkia: ukiona mstari wa kiungo, hapo pana kifuniko kinachoficha kitufe, na huenda utahitaji fundi. Mkia wa Aerometric hauna kiungo.

"Ni adimu sana."
Adimu gani hiyo iliyotengenezwa kwa mamilioni, Marekani na Uingereza, hadi miaka ya 1970? Nyeusi zimejaa tele. Zipo rangi zinazowindwa kweli na wakusanyaji, kama ile ya zambarau iitwayo Plum, lakini hapo unalipia rangi. Uandishi ni uleule.

"Nibu ni ya dhahabu, haichakai."
Kwanza, si kila 51 ina dhahabu. Toleo la Special lilikuwa na nibu ya aloi iitwayo Octanium. Pili, hata ile ya karati 14, yaani sehemu 14 za dhahabu kati ya 24, haisugui karatasi kwa dhahabu yake. Kinachosugua ni chembe ya metali ngumu iliyochomelewa nchani. Chembe hiyo ikilika upande mmoja au ikidondoka, dhahabu yote iliyobaki haiwezi kukuandikia hata jina lako. Na nibu ya 51 imevishwa kofia, ncha tu ndiyo inayochungulia. Picha ya kutoka juu haikuonyeshi lolote. Hapo unanunua mbuzi kwenye gunia. Omba picha ya ncha kwa karibu, ya mbele na ya ubavuni.

"Imekauka tu, iloweke kwenye maji ya moto."
Usithubutu. Kofia ya nibu imegandishwa kwa gundi inayolegea kwa joto. Usijaribu spiriti pia, kwa sababu plastiki ya 51 hupata nyufa ikiguswa na alkoholi. Maji ya kawaida na subira vinatosha: loweka, badilisha maji yakiwa ya bluu, loweka tena. Wino wa miaka mingi hautoki kwa saa moja.

Yangu hatimaye ilipata fundi. Aliweka kiwambo kipya, na ujira wake ulizidi bei niliyoinunulia kalamu. Leo ndiyo ninayoandikia orodha ya sokoni, na sijutii. Ila siku hizi, kabla ya kulipa, namwandikia muuzaji swali moja: ukiijaza maji, inayavuta na kuyatoa? Anayeijua kalamu yake hujibu kwa sentensi moja. Asiyeijua hunitumia tena picha ya mstari wa bluu.