Mwanamke Aliyepigwa Alale Wapi?

Katika sharika zetu nyingi kuna utaratibu ambao haukuandikwa popote lakini kila mtu anaujua. Mwanamke akipigwa na mumewe huenda kwa wasimamizi wa ndoa yao. Wasimamizi humpeleka kwa mzee wa kanisa, mzee humpeleka kwa mchungaji. Mume huitwa, Maandiko husomwa, wawili hushikana mikono, na kabla giza halijaingia mama yule amerudi kule kule alikotoka. Kikao huhesabiwa kuwa kimefaulu. Sisi tunaupinga utaratibu huu, kwa sababu kuna swali moja ambalo kikao hicho hakiulizi: mama huyu usiku wa leo analala wapi?

Hatusemi watu wasipatanishwe. Kupatanisha ni kazi ya Kanisa, na hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya mtu kuomba talaka mahakamani, isipokuwa katika mazingira machache. Lakini hakuna mahali, katika sheria wala katika Biblia, palipoandikwa kwamba wanaopatanishwa ni lazima walale chumba kimoja wakati mazungumzo yakiendelea. Tena kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo kinasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Imepita zaidi ya miaka 50, na bado katika semina za ndoa husimama mtu akauliza, bila haya, kama kofi moja la kumrekebisha mke ni dhambi.

Wala tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya mitaani, ya watu wasiosali. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 4 kati ya 10 nchini Tanzania, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofika miaka 15. Hesabuni akina mama walioketi kwenye benchi moja Jumapili, halafu fanyeni hesabu yenu wenyewe.

Serikali haikulala kabisa. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, kuna PF3 ya kumwezesha aliyeumizwa kutibiwa, kuna vituo vya Mkono kwa Mkono katika baadhi ya hospitali, kuna maofisa ustawi wa jamii. Mwaka 2017 ulianza mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Hayo tunayashukuru. Lakini askari wa dawati akishaandika maelezo, na daktari akishashona jeraha, nao hukwama kwenye swali letu lile lile. Nyumba salama ni chache mno, na nyingi kati ya hizo chache zinaendeshwa na mashirika na makanisa kwa fedha za wafadhili, si kwa bajeti ya halmashauri. Mfadhili akiondoka, mlango unafungwa. Ukosefu huo wa kitanda kimoja ndio unaomfanya mama aseme kituoni kwamba ameanguka bafuni.

Tunaambiwa: nyumba salama zinavunja ndoa. Hoja hii husemwa kwa sauti ya upole sana, na ndiyo maana inadhuru. Ndoa ilivunjwa na aliyeinua mkono; mwenye kufungua mlango usiku amekuta imekwisha kuvunjika. Wanaopenda kumnukuu nabii Malaki kwamba Mungu anachukia kuachana, wasome aya hiyo mpaka mwisho. Pale pale Bwana anamchukia pia mtu anayejifunika udhalimu kama vazi. Mbona nusu ya kwanza inahubiriwa kila harusi na nusu ya pili hatuisikii?

Wengine hutuletea habari za Hajiri: alikimbia mateso ya Sarai, na malaika akamwambia arudi. Ni kweli, imeandikwa katika Mwanzo 16. Lakini malaika yule alikuja na ahadi ya Mungu juu ya uhai wa Hajiri na wa uzao wake. Mzee wa kanisa anayemwambia mama arudi ana ahadi gani mkononi? Na akija kuitwa msibani, atasema nini? Tena habari haiishii sura ya 16. Katika sura ya 21 Hajiri yuko jangwani tena, safari hii na mtoto, na Mungu hamrudishi nyumbani. Anamfumbua macho akaona kisima cha maji. Kuna wakati msaada wa Mungu ni kurudi, na kuna wakati ni kisima huko huko ulikokimbilia. Anayejua sura moja tu asiwe mshauri wa ndoa.

Sisi tunasimama juu ya miji ya makimbilio. Israeli waliamriwa kutenga miji sita, na njia za kuifikia zitengenezwe ili mkimbizi asikamatwe kabla hajafika. Kitabu cha Yoshua kinaeleza kwamba mkimbizi alisimama langoni, akaeleza shauri lake kwa wazee wa mji, nao wakampokea na kumpa mahali pa kukaa. Hukumu ilikuja baadaye. Huyo alikuwa mtu aliyeua bila kukusudia! Kama aliyemwaga damu alipewa nyumba kwanza na kikao baadaye, kwa nini mama ambaye damu yake ndiyo iliyomwagika apewe kikao kwanza, na nyumba asipewe kabisa?

Na Kanisa linaweza. Mkoani Mara, Mugumu wilayani Serengeti na Masanga wilayani Tarime, wasichana wanaokimbia ukeketaji wamepokewa katika nyumba salama ambazo watu wa Kanisa walikuwa na mkono katika kuzianzisha. Huko nako walilaumiwa kwamba wanavunja mila na familia. Walipokea tu.

Hata hivyo kitanda peke yake hakitoshi. Msamaria hakuishia kufunga jeraha. Alimpeleka yule mtu nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kulipa zaidi akirudi. Mama akikaa miezi mitatu kwenye nyumba salama kisha akatoka na mfuko wa nguo, ataenda wapi kama si kule kule? Anahitaji shule ya kuwahamishia watoto, wakili wa msaada wa kisheria, na njia ya kujipatia riziki. (Cherehani zimekuwa jibu la kila swali la wanawake katika nchi hii. Si kila mama ni fundi nguo.) Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Lakini mikopo hiyo hupitia vikundi, na aliyekimbia ameacha kikundi chake nyuma pamoja na sufuria zake. Madiwani wengine ni washarika wenzetu. Tuwaulize hili wakija kuomba kura, si baada.

Pia tuache kuwatisha akina mama kwamba wakitoka wamepoteza kila kitu. Katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Seif, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Hilo nalo lisomwe kwenye semina.

Tunachotaka si jengo jipya. Dayosisi zetu zina hosteli na nyumba za wageni. Vyumba viwili katika kila jimbo vitengwe, vikiwa na mtunzaji aliyefundishwa na anayefanya kazi na ofisi ya ustawi wa jamii na dawati la polisi. Mahali pake pasitangazwe, wala mama asiombewe kwa jina lake hadharani, maana ombi la maombi likipita vinywa vitatu limekuwa ramani kwa anayemtafuta. Gharama ziingie kwenye bajeti ya usharika. Bajeti zetu zina kifungu cha ukarabati wa nyumba ya mchungaji na kifungu cha mapokezi ya wageni. Tunataka na hiki, chenye jina lake na kiasi chake, kisomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa usharika, na mwaka ujao tusomewe ni usiku mingapi vyumba vile vililaliwa.