Kadi ya Afya Isiwe Karatasi Tupu

Msomaji wetu wa Tumbatu au wa Kojani akiliona jina la Kibakwe katika safu hii, huenda akajiuliza sisi watu wa visiwani tuna lipi na mahali hapo. Kibakwe imo katika Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma, upande wa kusini wa reli ya kati, katika nchi ya wakulima na wafugaji. Mvua yao ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka, na bahari wengi wao huisikia kwa kusimuliwa. Lakini kisiwa hakifanywi na maji ya chumvi peke yake. Mito ya nchi ile inapofurika wakati wa masika, hata reli kati ya Kilosa na Gulwe imepata kukatika mara nyingi. Mgonjwa aliyeko ng'ambo ya mto uliojaa hana tofauti na mgonjwa wa kisiwani anayengoja bahari itulie. Wote wawili wako mbali na daktari, na wote wawili huulizwa swali moja wanapofika: una nini mfukoni?

Swali hilo ndilo lililotufanya tuishike kalamu leo. Katika nyanda hizo za Dodoma ulijaribiwa na ukatengenezwa upya mpango ambao makusudi yake ni kuwa swali hilo lisiulizwe mlangoni pa zahanati. Mpango huo ni Mfuko wa Afya ya Jamii. Kwa kuwa nasi visiwani tumekwisha kuingia katika njia ya mifuko ya afya, ni wajibu wetu kuyatazama mema yake na makosa yake bila ya kuoneana haya.

Tukumbuke tulikotoka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali ilijenga zahanati vijijini na kutibu watu bila malipo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na kwa vikundi vya kujifunza, iliwashirikisha watu wazima wapatao milioni mbili. Watu walichimba vyoo, walifyeka majani na kuchemsha maji, wakielezwa kwa nini. Kisha uchumi ukayumba, dawa zikaadimika, na mwaka 1993 Tanzania Bara ikaanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu. Ilisemwa kuwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wasiojiweza watasamehewa. Msamaha huo uliandikwa vizuri katika karatasi, lakini maskini mara nyingi hakuujua, na aliyeujua hakuwa na mtu wa kumthibitishia umaskini wake.

Ndipo Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoanza kwa majaribio katika Wilaya ya Igunga katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2001 ukatungiwa sheria yake. Fikra yake ilikuwa nyepesi na ya haki. Kaya hutoa mchango mdogo mara moja kwa mwaka, nayo Serikali huongeza kiasi kile kile, ndiyo maana ikaitwa tele kwa tele. Mwenye kadi akiugua, hatoi fedha tena. Mfuko hautafuti faida, wala hauna mwenye hisa wa kumgawia chochote. Kinachobaki ni mali ya wanachama, cha kununulia dawa na kukarabati zahanati yao wenyewe.

Fikra njema haikutosha. Kadi nyingi zilitumika katika kituo kimoja au wilaya moja tu, na mkulima aliyevuka mpaka kwenda mnadani akaugua, kadi yake ilikuwa haimfai kitu. Fedha zilizokusanywa zilikaa katika akaunti ya wilaya, na mganga wa zahanati aliyetaka kununua dawa alilazimika kuomba, kungoja na kuomba tena. Mchango wa Serikali ulichelewa. Mwanachama akafika na kadi yake, akapimwa, akaandikiwa dawa, kisha akaambiwa akanunue dukani. Mtu huyo alikuwa amelipa mara mbili kwa ugonjwa mmoja. Mwaka uliofuata hakurudi kujiandikisha, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumlaumu.

Hapo ndipo Dodoma ilipofanya jambo la kuigwa. Kuanzia mwaka 2011, kwa msaada wa Serikali ya Uswisi kupitia mradi ulioitwa Tuimarishe Afya, mkoa huo ulianza kuusuka mfuko upya. Waandikishaji waliwekwa vijijini, wakazifuata kaya majumbani wakiwa na simu za kupigia picha za wanachama, badala ya kuwangoja watu waje mezani. Kazi ya kukusanya na kulipa ilitenganishwa na kazi ya kutibu, ili anayetibu asiwe ndiye anayejikagua mwenyewe. Na kwa kuwa waliijua shida ya dawa, mwaka 2014 mkoa huo ulianzisha mfumo wa Mshitiri: Bohari ya Dawa ikikosa dawa fulani, kituo cha serikali huinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyechaguliwa kwa mkoa mzima, kwa bei iliyokubaliwa na kwa ubora uliokaguliwa.

Mwaka 2018 mifumo yote miwili ilienezwa Tanzania Bara. Mfuko ulioboreshwa ulitoza katika mikoa mingi shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na kadi yake ikatambuliwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Msomaji na apige hesabu: hiyo ni shilingi 5,000 kwa kila mtu kwa mwaka, yaani chini ya shilingi 420 kwa mwezi. Fedha hiyo haitoshi kikombe cha chai na andazi kila juma.

Pamoja na hayo yote, hatupaswi kujidanganya. Hata mwaka 2022 Serikali yenyewe ilikuwa ikieleza kuwa Watanzania wenye bima ya afya ya aina yoyote walikuwa kama asilimia 15 tu. Hiyo ndiyo sababu Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kuingia katika mfuko kulikuwa hiari, na hiari ina tabia yake: anayejiandikisha kwa haraka ni yule anayejua kuwa ataugua, na aliye mzima husema ataangalia mwakani. Mfuko wenye wagonjwa watupu haukawii kuugua wenyewe.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, ilitangazwa kuwa matibabu Zanzibar ni bila malipo, na vizazi vya watu wa visiwani vimelelewa katika ahadi hiyo. Mwaka 2023 Baraza la Wawakilishi lilitunga sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, na utekelezaji ukaanzia kwa watumishi wa umma. Kuanzia huko ni rahisi, kwa kuwa mshahara una karani anayeukata kabla haujafika mkononi. Mtihani uko kwa mchuma karafuu wa Pemba, mwanamke wa mwani wa Paje na Jambiani, na mvuvi ambaye siku za bahari chafu hurudi na nyavu tupu. Hao hawana karani. Kwao tunaona mambo manne ambayo viongozi wetu hawana budi kuyapima kwa mizani ya Dodoma.

La kwanza ni dawa. Dawa itangulie, kadi ifuate. Haifai kumwandikisha mwananchi leo kwa matumaini kwamba dawa itapatikana kesho kutwa. Ahadi ni deni, na katika afya deni hilo hudaiwa usiku, mtoto akiwa na homa. Kila kituo kiwe na njia ya pili ya kupata dawa pale bohari inapokosa, na kiwe na mamlaka ya kutumia fedha yake bila ya kungoja sahihi tano.

La pili ni msimu. Kule Kibakwe, mwezi Januari na Februari ghala huwa tupu, na mazao hayajakomaa. Kumdai mkulima mchango wakati huo ni kumdai asichonacho, ilhali mwezi Julai, baada ya kuvuna, angeutoa bila ya manung'uniko. Hapa kwetu mchango wa mchuma karafuu ufuate mchumo, na wa mvuvi na mkulima wa mwani upokelewe kidogo kidogo kwa kadiri ya bamvua na mauzo. Daftari lifuate maisha ya watu. Watu hawawezi kulifuata daftari.

La tatu ni maskini. Katika kila shehia wapo wajane, wazee na walemavu ambao hata shilingi 420 kwa mwezi hawanazo. Hao walipiwe kutoka hazina ya umma, na majina yao yapatikane kabla hawajaugua. Mtu aliyelala juu ya machela asiulizwe barua ya sheha. Tena kadi ya aliyelipiwa na kadi ya aliyejilipia ziwe za rangi moja, ili muuguzi asijue ni ipi na mgonjwa asione haya.

La nne ni hesabu. Fedha ya mfuko ni amana. Kila baada ya miezi mitatu ibandikwe ukutani mwa kituo, kwa Kiswahili kinachosomeka: tumekusanya kiasi hiki, tumetumia kiasi hiki, dawa hizi tunazo na hizi hatuna. Mwananchi anayeona fedha yake imefanya kazi gani hahitaji kuhubiriwa. Anayefichwa hesabu hata mahubiri ya mwaka mzima hayatamrudisha.

Baada ya kuwaambia viongozi, tuna neno kwa wananchi wenzetu. Yupo anayesema: "Mwaka jana nililipa, sikuugua, fedha yangu imepotea." Ndugu huyo anauchukulia mfuko kama upatu, ambao kila mmoja hungoja zamu yake ya kupokea. Mfuko wa afya si upatu. Unafanana zaidi na mchango wa mazishi. Kila kijiji cha visiwani, kama kila kijiji cha Ugogo, kina desturi ya kuchangiana msiba, na hatujapata kumsikia mtu akidai arudishiwe mchango wake kwa kuwa mwaka mzima nyumbani kwake hakufa mtu. Hushukuru Mungu, akatoa tena. Ikiwa tunaweza kuchangiana sanda bila ya kuhesabiana, tutashindwaje kuchangiana dawa, ambayo huenda ikaiahirisha hiyo sanda?

Wapo pia wanaosema kwamba kuzungumzia mchango ni kuisaliti ahadi ya 1964. Tunawaheshimu, kwa sababu wanakilinda kitu cha thamani. Lakini ahadi ile haikuwa ya kutoa cheti cha bure kisha mgonjwa akatafute dawa kwa fedha zake. Ilikuwa ni ahadi kwamba mnyonge hatakufa kwa sababu ya unyonge wake. Mfuko ulio imara, wenye dawa, wenye kumbeba asiyejiweza, unaitimiza ahadi hiyo. Mfuko unaokusanya fedha kisha ukatoa visingizio ndio unaoivunja.

Wanavijiji wa Dodoma wametufanyia kazi kubwa: kwa miaka mingi walijaribiwa mfuko huu, wakaonja machungu yake, na kwa kukataa kurudi walipotendewa vibaya waliwalazimisha wakubwa kuutengeneza. Masomo yao yalilipiwa kwa jasho. Haitakuwa busara sisi tuyalipie upya. Tunawaomba wanaoandaa taratibu za mfuko wetu waende Dodoma, wafike Mpwapwa, wavuke reli mpaka Kibakwe, wakae na mkulima mmoja aliyeendelea kulipia kadi yake na mmoja aliyeiacha. Wamsikilize zaidi yule aliyeiacha.