Lugha si Gunia la Ngoma

Kuna hoja naisikia sana kwa wasomi wenzangu wa Handeni na Korogwe: utamaduni wetu uko salama. Ngoma zipo, matambiko yapo, mwali bado anafundwa. Lugha, wanasema, ni gunia tu. Yaliyomo yahamishie kwenye Kiswahili, hakuna kitakachomwagika.

Kinamwagika. Kwenye harusi moja Korogwe bibi mmoja aliimba kwa Kizigua. Wazee wakacheka hadi machozi, vijana wakapiga video. Mshereheshaji akamwomba atafsiri. Akajaribu, masikini. Utani wote ulikalia neno moja lenye maana mbili. Kwa Kiswahili likabaki na moja, tena ile isiyochekesha. Bibi akakaa, muziki wa spika ukarudi.

Sikilaumu Kiswahili. Ndicho ninachoandikia, na bila hicho nisingeelewana na nusu ya marafiki zangu. Ninachokataa ni ule msemo kwamba lugha ndogo lazima ife ikizungukwa na kubwa. Anayeuamini aende Chogo, hapa hapa Handeni. Katika karne ya 19, njaa na biashara ya utumwa viliwapeleka Wazigua hadi Somalia. Waliotoroka mabwana zao wakajenga vijiji kando ya Mto Juba, na huko, katikati ya Kisomali, vizazi kwa vizazi wakaendelea kusema Kizigua. Wakasimuliana habari za Wanankhucha, mwanamke aliyewaongoza kutoka utumwani. Vita vilipoisambaratisha Somalia kuanzia 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakafika Handeni na lugha yao mdomoni. Hawakuwa na redio ya Kizigua wala kitabu cha shule. Walikuwa na watoto, na walisema nao.

Sisi ambao hatukuhama tunasubiri serikali. Sera ya Utamaduni ya 1997 inaziita lugha za jamii hazina. Shuleni na redioni hazina nafasi. Atlasi ya Lugha za Tanzania ikatoka 2009, kazi nzuri ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini ramani haimwimbii mtu. Mserbia Vuk Karadžić, aliyetoa kamusi ya lugha yake mwaka 1818, alikusanya pia nyimbo na hadithi kutoka vinywani mwa watu wa kawaida, wakiwemo waimbaji vipofu. Kwake neno na wimbo vilikuwa kazi moja. Sisi tunavitenganisha: maneno tunamwachia mtafiti, ngoma tunawachezea wageni rasmi, na wachezaji wenyewe hawajui wanachoitikia.

Nikiwauliza wenzangu kwa nini hawasemi Kizigua na wanao, jibu ni lile lile: mtoto atachekwa shuleni. Na nani? Na watoto wa Wazigua wenzetu.