Watoto wa ufuo wa ziwa wasomeshwa anga ya ugenini

WAVUVI wa omena katika ufuo wa Dunga, Kisumu, hawahitaji kalenda ukutani ili kujua mwezi umefikia wapi. Samaki hao wadogo huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali, taa hizo hazifui dafu. Ndiposa wavuvi hungojea usiku wa giza, na mtoto wa ufuoni hukua akijua kwamba mwezi mpevu huandamana na uhaba wa omena.

Hata hivyo, mtoto huyo anapobahatika kupata kitabu cha maarifa kuhusu anga, ni nadra kukuta ukurasa unaomwambia kwamba hayo anayoyajua ni mwanzo wa elimu ya falaki. Vingi vya vitabu hivyo viliandikwa Ulaya au Marekani, kwa Kiingereza, vikimlenga mtoto anayeishi mbali na Ikweta.

Tofauti hiyo si ndogo. Kisumu iko kusini mwa Ikweta kwa takriban kilomita 10 tu, nao mstari wenyewe unapita Maseno, kwenye barabara ya kuelekea Busia. Kitabu kinachomwelekeza msomaji kuitafuta Nyota ya Kaskazini kinamtuma mtoto wa Kisumu kutafuta kitu ambacho kwake hakichomozi vya kutosha kuonekana. Kile kinachoeleza majira manne ya mwaka kinamchanganya mtoto ambaye mchana na usiku wake hukaribia kulingana mwaka mzima. Na mwezi mwandamo unaochorwa ukiwa umesimama wima, yeye huuona jioni umelala mfano wa mtumbwi.

La kusikitisha ni kwamba anga ya Kisumu ni tajiri kuliko ile ya vitabuni. Anayeishi karibu na Ikweta huweza, katika kipindi cha mwaka mmoja, kuona takriban nyota zote za kaskazini na za kusini zinazoonekana kwa macho. Watoto wa London hawana fursa hiyo.

Isitoshe, vitabu vya anga huzeeka upesi. Mnamo Agosti 2006, wanafalaki waliokutana jijini Prague waliiondoa Pluto katika orodha ya sayari kuu, zikabaki nane. Kufikia Machi 2025, miezi iliyothibitishwa kuizunguka sayari yenye pete mashuhuri ilikuwa 274, ilhali vitabu vya miaka ya tisini viliitaja 18. Kitabu kikuukuu kinachotolewa kama msaada hufundisha makosa kwa nia njema. Mwanafunzi anayekiamini na kujibu kwamba sayari ni tisa hukosea, na lawama si yake.

Lugha nayo ina utata wake. Katika orodha moja iliyozoeleka miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili nchini, Utaridi ni Pluto na Zohali ni Uranus. Lakini katika Kiarabu, ambako majina hayo yalitoka, Utaridi ndiyo sayari iliyo karibu zaidi na jua, nayo Zohali ndiyo ile yenye pete. Mtoto anayesoma vitabu viwili huenda akadhani zipo sayari zaidi ya zilizopo. Sera ya elimu inayokifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia kuanzia gredi ya nne imechangia suala hili kusahaulika, kwani somo la sayansi halikitegemei Kiswahili.

Wachapishaji wana sababu za kusitasita. Tangu 2018, serikali hununua vitabu vya kiada moja kwa moja na kuvisambaza shuleni, na huko ndiko kuliko na soko la uhakika. Vitabu vya ziada huachiwa mfuko wa mzazi. Kodi ya asilimia 16 iliyowekewa vitabu kwa sheria ya 2013 iliongeza mzigo huo, na picha za rangi, ambazo ndizo mvuto wa vitabu vya anga, ni ghali kuchapisha. Mzazi wa Nyalenda au Manyatta mwenye pesa kidogo atanunua kwanza kile ambacho mwalimu amekitaka.

Wapo watakaosema kwamba intaneti imeondoa haja ya vitabu hivyo. Lakini simu huhitaji pesa na umeme, na mengi yaliyomo kuhusu anga yametoka kulekule vilikotoka vitabu. Kitabu kimoja katika maktaba ya umma ya Kisumu huweza kupitia mikononi mwa mamia ya watoto.

Aidha, Kenya haikosi habari za kuandika. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kupima miali ya eksirei kutoka anga za mbali ilirushwa kutoka pwani ya Malindi mnamo Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru. Taifa-1, setilaiti ya kuchunguza ardhi, ilirushwa kutoka California mnamo Aprili 15, 2023. Picha za setilaiti zimetumika kufuatilia gugumaji katika Ghuba ya Winam, gugu ambalo watoto wa Dunga wameliona likizuia mitumbwi kutoka.

Hata jina la nyota kwa Kijaluo limefika mbali. Kitabu cha hadithi cha Lupita Nyong'o, Sulwe, kilichotoka 2019, kimelipeleka neno hilo kwa wasomaji wa nchi nyingi. Kinachokosekana ni kitabu cha maarifa kinachoeleza sulwe zenyewe.

Suluhu haihitaji fedha nyingi. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) inaweza kuwakutanisha wataalamu wa sayansi na wa Kiswahili ili waafikiane kuhusu majina. Serikali za kaunti zinazopakana na ziwa zinaweza kuagiza kijitabu cha kurasa chache, hata kiwe cha rangi nyeusi na nyeupe, kinachoanzia kwa mwezi na omena kabla ya kufika kwenye sayari. Nao wakutubi waviondoe rafuni vile vilivyopitwa na wakati.

Hadi hayo yatendeke, mtoto wa mvuvi ataendelea kuamini kwamba elimu ya nyota ni mali ya watu wa mbali, ilhali babake huitegemea kila anaposukuma mtumbwi majini.