Mkono Mtupu Haulambwi

Jirani yangu mmoja hapa Olmotonyi alidaka mpira kwa miaka tisa, kuanzia mwaka 2003, katika timu za madaraja ya chini. Siku hizi anaendesha bodaboda Ngaramtoni, na kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto hakikunjiki. Wapo wanaomtania mpaka leo: "Kipa, ulituuzia ile mechi!" Yeye hucheka. Mimi sicheki, na ninaomba nieleze kwa nini.

Katika mpira wetu, mshambuliaji akikosa bao la wazi twasema hakuwa na bahati. Kipa akiponyokwa na mpira mmoja twasema amehongwa. Lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, penalti hupigwa kutoka mita 11. Nani kati yetu watazamaji angelilinda pango hilo, mvua inanyesha na uwanja umejaa mawe? Hata hivyo hukumu yetu huwa tayari kabla mpira haujatulia wavuni.

Nawauliza viongozi wa vilabu vidogo: mtu ambaye hamkumlipa, mnamshtaki vipi kwa kuuza? Dereva hulipwa, la sivyo basi haliondoki. Mkusanya tiketi hulipwa siku hiyo hiyo. Mlinda mlango huambiwa acheze kwa mapenzi ya timu. Mapenzi hayanunui unga. Tena yeye ana dhiki yake ya pekee, maana nafasi ni moja tu. Beki wa akiba huweza kuingizwa dakika ya sitini. Kipa wa akiba huweza kumaliza msimu bila kugusa mpira wa mashindano. Pale ambapo posho hutolewa kwa waliocheza tu, huyo hurudi kwao mikono mitupu, naye amefanya mazoezi sawasawa na wenzake.

Jirani yangu alipovunjika kidole, klabu yake ilimwacha kwa mdomo, kama ilivyomsajili kwa mdomo. Hakuwa na karatasi hata moja ya kudai matibabu.

Lakini nisiwalaumu wengine nikajisahau. Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, naye alisoma kwetu. Katika vipindi vya michezo golini tulimweka aliye mzito wa mbio. Namna ya kuanguka bila kuumia, namna ya kupanga vidole, hatukumfundisha mtu. Alipokuja kuniaga kwamba anaacha ualimu akadake, sikumwuliza swali dogo: "Mkataba uko wapi?" Nilimpa mkono, nikamtakia heri.

Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na mwaka 2024 ulianza kujengwa hapa Arusha uwanja wa watazamaji 30,000. Naufurahia. Lakini zege halidaki mpira. Kipa wa taifa huanzia katika timu hizi hizi ndogo, na huko ndiko tunakomwachisha njiani.

Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga. Basi kila klabu, hata ya daraja la chini kabisa, iandike mkataba, itibu majeruhi wake, na impe posho kipa wa akiba. Nawe mzazi, kijana wako akija kukuaga anakwenda kusajiliwa, mwulize lile swali nililoshindwa kuliuliza mimi.