Wauza nyumba Mji Mkongwe wabanwe



Natoa maoni yangu juu ya biashara ya kununua nyumba kuukuu za Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuzipiga rangi, kisha kuziuza kwa faida. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku shamba. Sina nyumba mjini wala sitegemei kuipata, lakini shangazi yangu amepanga ukuta kwa ukuta na nyumba ya namna hiyo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali. Miaka ya 1980 ikaanza kuziuza baadhi. Siwalaumu waliouza, kwani fedha za kuzitengeneza zote hazikuwepo. Majengo mengi yalikuwa katika hali mbovu. Baadhi ya yaliyopata wenyewe wenye uwezo leo ni hoteli, na yamesimama imara.

Ninayemsema ni yule anayenunua ili auze upesi. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Chokaa huacha unyevu utoke ukutani. Ukipiga lipu ya saruji maji hubaki ndani, jiwe huliwa na chumvi, na vichwa vya boriti huoza. Lakini mwaka wa kwanza nyumba hung'ara kama bibi harusi, na mlanguzi hahitaji zaidi ya mwaka huo. Akishalipwa huondoka. Masika yakija, ukuta wa shangazi hulowa kutoka upande wa pili, naye hana wa kumwendea.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka ikaua watu 2. Ile ni mali ya umma, tena ilikuwa katika matengenezo. Itakuwaje nyumba iliyofichwa ufa kwa rangi?

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na anayejenga huko hutakiwa kuomba kibali chake. Naishauri iongeze sharti: nyumba isiandikishwe kwa mnunuzi mpya mpaka fundi wa Mamlaka apande juu, akague paa, mifereji na boriti, na aandike alichokiona. Ng'ombe huku kwetu haununuliwi bila kutazamwa meno. Gharama ya ukaguzi alipe muuzaji.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kusini Unguja.